Wakwe Watatu na Bafu la Bi Mwanamvua

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma acha kutafuna, hadithi hii haitaki kelele za meno. Inakuja, ipokeeni kwa mikono miwili! Mmeipokea? Basi msiiangushe, maana ndani yake mna ukuta, na ukuta ukianguka msimulizi hayumo.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Kitopeni. Udongo wa Kitopeni ulikuwa mwekundu, unanata, ukiutazama sana unakushika jicho. Nyumba zote zilikuwa za viambaza, fito na udongo, hakuna ya mawe hata moja. Na mvua ya huko, lo! Si mvua hizi zenu za kulowesha kanga. Masika yakiingia Kitopeni, vyura walikuwa wakipanda juu ya mapaa kuomba hifadhi, na samaki wakipita barazani wanapiga hodi.

Katika kijiji hicho walikuwapo wanyumba watatu, yaani wanaume watatu waliooa dada watatu wa tumbo moja. Kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Shaame, mume wa binti mkubwa. Kipaji chake nguvu. Shaame akipiga chafya, kuku wa mtaa mzima wanataga kwa hofu, hata majogoo wanajaribu. Kulikuwa na jiwe njiani ambalo watu walishalizoea, wakipita wanaliamkia tu. Shaame alilibeba begani, mkono wa pili anakula muhogo.

Wa pili ni Faki, mume wa binti wa kati. Kipaji chake mkono wa chokaa. Faki akipiga lipu ukutani, nzi akitua anateleza na kuvunjika mguu. Yuko nzi mmoja mpaka leo anatembelea mkongojo, muulizeni.

Wa tatu ni Kombo, mume wa Raya, binti kitinda mimba. Kombo mabega hana, na ufundi hana; ukimpa akupakie siagi kwenye mkate, mkate unatoboka. Kipaji chake pua. Si ukubwa wa pua, kazi ya pua. Kombo alikaa Kitopeni akasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa ng'ambo ya pili, na akakwambia mpishi kasahau chumvi. Mvua ya keshokutwa aliinusa leo. Unga ulioingia fukusi, samli iliyochacha, mume aliyepitia kwa mke mwingine kabla ya kurudi nyumbani, pua ilimwambia vyote. Ndiyo maana wanaume wengi wa Kitopeni walipenda kukaa naye penye upepo.

Lakini pua ni pua, bwana. Haionekani ikifanya kazi. Shaame akibeba jiwe, watoto wanamshangilia. Faki akimaliza ukuta, wanawake wanapita wanaupapasa. Kombo akinusa, watu wanamuuliza, "Vipi, una mafua?"

Hapo ndipo wivu ulipopata mlango. Na wivu wa Kombo haukuwa wivu wa kijiko, ulikuwa wivu wa sufuria la harusi. Akimwona Shaame anasifiwa, chai inamgeukia shubiri mdomoni. Akimwona Faki anapita na ndoo yake ya chokaa, jino linamuuma, na jino lenyewe lilishang'oka zamani.

Sasa wivu huo mzizi wake ulikuwa hapa. Mama mkwe wao, Bi Mwanamvua, alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto wa kiume. Barazani kwake kilikuwapo kiti cha mgongo cha marehemu mumewe, hakikaliwi na mtu. Na desturi ya Kitopeni, kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye kiti. Firigisi haikatwi, haigawanywi, ukiikata umeikata nyumba. Tangu mzee afariki, firigisi alikuwa anapewa paka, na paka yule alinenepa mpaka akawa anatembea kama sheha.

Bi Mwanamvua akimwita Shaame anasema, "Mwanangu Shaame." Akimwita Faki anasema, "Mwanangu Faki." Akimwita Kombo anasema, "Yule mume wa Raya yuko wapi?" Kombo mamake alikufa yeye bado hajaota meno. Amelelewa nyumba hii mwezi, nyumba ile mwezi, kama sufuria la kuazimwa. Tangu azaliwe hakuna mwanamke aliyemwita mwanangu. Kiti alikitaka, firigisi aliitaka, lakini neno lile moja alilitaka mpaka masikio yanamwasha.

Basi tuje bafuni.

Bafu la Bi Mwanamvua lilikuwa uani, kiambaza upande mmoja kinatazama njia kuu. Kiambaza cha udongo na maji ya kuogea ni kama paka na panya, mmoja lazima amle mwenzake. Kila asubuhi Bi Mwanamvua anaoga, maji yanaruka ukutani, yanatuama chini, na udongo unakunywa kwa juu na kwa miguu, kama mgomba. Siku moja ya vuli, bibi yumo ndani, povu mpaka masikioni, kata mkononi, kiambaza kikasema "fff" kikalala chini kwa adabu.

Na nje inapita harusi. Ngoma, tarumbeta, watu mkia mpaka kijiji cha pili. Kila kitu kikasimama. Bibi harusi mwenyewe alisahauliwa.

Bi Mwanamvua akajifunika povu lililobaki, akasimama wima kama mnara, akasema, "Pigeni ngoma. Mnangoja nini?"

Kesho yake akawaita wakwe zake.

"Wanangu," akasema, anawatazama Shaame na Faki. "Na wewe, mume wa Raya. Mna mabega, mna mikono, mna…" hapo akamtazama Kombo kwa muda, "…mna pumzi. Nataka kiambaza kitakachoogewa masika mazima kisianguke. Atakayenisimamishia, atakaa kiti cha marehemu, atakula firigisi, na mbele ya watu nitamwita mwanangu wa kuzaa. Na kikianguka tena, mimi nahamia kwa kaka yangu, na kiti nakifanya kuni."

Lakini kulikuwa na tatizo. Kitopeni mkwe mwanamume haingii bafu la mama mkwe. Haingii, hachungulii, hata akipita karibu anakohoa na kutazama mbingu. Itakuwaje walijenge? Bi Mwanamvua akatafuta ufumbuzi mwenyewe. Akaenda mlangoni pa bafu, akaita mashahidi wawili, akasema kwa sauti, "Wewe bafu, nimekuacha talaka moja rejea. Si langu mpaka nitakapokurejea." Likawa bafu lililoachwa, si la mama mkwe tena, wakwe wakaruhusiwa kuingia.

Akaanza Shaame. Kwanza alichelewa, maana wazo la kujenga kwa mawe lilimpendeza akaenda kumjengea mkewe bafu kwanza, mama mkwe akawa anaoga nyuma ya mkeka uliotoboka. Lakini alipokuja, alikuja. Alibeba mawe yakalia. Akachimba msingi, akapanga mawe mpaka usawa wa goti, akasema udongo utaanzia juu ya mawe, haukanyagi tena chini. Akaitengeneza sakafu iwe na mteremko, akachimba mfereji wa kutoa maji mpaka migombani. Ukimwaga kata ya maji pale, yanakimbia kama yamemwona mgambo. Udongo haukuweza tena kunywa kwa miguu.

"Mashaallah, mwanangu Shaame!" Bi Mwanamvua akasema. "Haya ndiyo mabega!"

Kombo alikuwa pembeni anakanyaga udongo wa kukandikia. Aliukanyaga udongo ule kwa hasira, mpaka nyungunyungu wakahama.

Wakasimamisha fito, wakakandika udongo wote watatu. Akaja Faki. Faki alikuwa na chokaa yake imelala shimoni na maji tangu zamani, imelainika kama mtindi. Akapiga lipu ndani. Ilipoanza kushika, akachukua kijiwe laini cha mtoni na sabuni ya mche, akawa anasugua, anasugua, mpaka ukuta ukang'aa. Ukimwagia maji yanakaa vidonge vidonge kama juu ya jani la myugwa, halafu yanateremka zake. Kunguru mmoja alipita juu, akajiona ukutani, akachana nywele. Udongo haukuweza tena kunywa kwa uso.

"Mashaallah, mwanangu Faki!" Bi Mwanamvua akasema. "Hii ndiyo mikono!"

Kombo akarudi kukanyaga udongo ambao hakuna aliyeuhitaji tena.

Laiti Faki angeishia hapo. Lakini fundi sifa, bwana! Alitazama nje, upande wa njia kuu, akaona udongo mtupu, mwekundu, wa kishamba. Akasema, "Watu watapita hapa wasijue aliyejenga?" Akatafuta simenti, akaupiga ukuta wote wa nje, mgumu, wa kijivu, kama nyumba za mjini. Na kabla haujakauka akachukua msumari akaandika kwa herufi za kutisha: KAZI YA FAKI FUNDI.

Bi Mwanamvua akaenda mlangoni na mashahidi wake. "Bafu, nimekurejea." Siku hiyo aliimba nyimbo zote za ujana wake, nyingine hata mashahidi waliona aibu. Na tangu siku hiyo bafu likawa halipitiki na mkwe tena. Njia kuu nayo ikawa haipitiki kwa watu wa kusoma jina la Faki. Wasiojua kusoma walikuwa wanasimama muda mrefu zaidi.

Kombo kila alipopita alikohoa, akatazama mbingu kama desturi, lakini jicho moja lilikuwa linasoma. FAKI FUNDI. Akilala anaiona. Akifumbua macho anaiona. Siku moja Raya alimpakulia wali akauona wali umejiandika.

"Mwenzio kaandika jina," Raya akamtania. "Wewe utaandika nini, mume wangu? Chafya?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza mwandiko."

Masika yalipokaribia, siku moja Kombo anapita njia ile, pua ikamshika bega. Akasimama. Chini ya harufu ya simenti, chini ya harufu ya sabuni, ilikuwapo harufu nyingine: ya kisima kilichozibwa, ya gunia la mpunga lililosahauliwa na maji. Udongo ulikuwa unaoza humo ndani. Akarudi nyumbani macho yanang'aa kama mtu aliyeokota pete.

"Raya. Kiambaza cha mama kinaoza."

"Umechungulia?"

"Astaghfirullah! Nimenusa. Ile simenti imekiziba mdomo. Mvuke wa maji moto unaingia, mvua inaingia kwenye nyufa, halafu havina pa kutokea. Udongo lazima upumue, Raya. Pale umefungiwa ndani ya debe."

"Basi kimbia kamwambie Faki."

"Nimwambie!" Kombo akaruka. "Ili atengeneze, aongeze na jina la babake? Wacha kianguke. Kianguke na jina lake, watu wote walione limelala chali."

"Na mama akiwa ndani?"

Kombo akasema, "Ataoga haraka haraka."

Raya alimtazama mpaka pua ikamsinyaa. Akafunga kanga yake, akaenda mwenyewe kwa mamake. Alimkuta na Faki barazani, wanakunywa chai kwenye bakuli moja la sifa.

"Mama, Kombo anasema kiambaza kinaoza ndani."

Faki akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Shemeji yangu, wivu una pua ndefu!"

"Mwambie mumeo," Bi Mwanamvua naye akasema, "akitaka jina ukutani na yeye ajenge."

Raya akarudi na maneno hayo, akamtupia mumewe miguuni kama kuku aliyekufa. Hapo lile sufuria la harusi lilichemka likamwagika.

Mvua za kwanza zilinyesha. Ikaja Ijumaa, jua limetoka kidogo, wanaume wote wamekwenda msikitini. Kombo hakwenda. Haya, mnaona wivu unavyompeleka mtu? Unamkosesha na Ijumaa. Alichukua panga lake kuukuu akaenda mpaka kwenye kiambaza, njia haina mtu hata paka. Nia yake, wallahi, haikuwa ukuta. Alitaka kukwangua jina la mtu tu. Neno FAKI lisiwepo, basi roho itulie.

Akakwangua herufi ya kwanza ya FAKI. Kikatoka kipande cha simenti kikubwa kama sinia, na jina lote juu yake. Na nyuma yake, enyi watu! Udongo haukuwa udongo tena, ulikuwa uji. Uji wa mtama, unatiririka kwenye fito. Harufu iliyotoka hapo ilimpiga Kombo kofi, akarudi nyuma hatua akakaa chini.

Akaanza kutabasamu. Aibu yote ya Faki ile pale, imekaa wazi. Angerudishia kipande, angeondoka zake, na kabla masika hayajapamba moto kiambaza kingelala. Nani angejua?

Mara akasikia mlango wa uani. Akasikia ndoo inawekwa chini. Halafu Bi Mwanamvua, upande wa pili wa uji ule, akaanza kuimba.

Kombo akatazama ukuta. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo nje, na juu umeinamia ndani kidogo, kama mtu anayesinzia. Desturi inasema mkwe akimbie. Wivu unasema acha. Miguu yake haikusikiliza yeyote. Akageuka, akaubandika mgongo wake kwenye tumbo la kiambaza, akakita visigino, akapiga kelele.

"Mama! Toka! Ukuta unakuja!"

Wimbo ukakatika. "Nani huyo?"

"Mimi Kombo!"

"Kombo yupi?"

"Mume wa Raya!"

"Alaa! Mkwe uko kwenye bafu langu? Na mimi nimeshajipaka sabuni?"

"Niko nje, Mama! Wallahi natazama njia! Toka, utakuangukia!"

"Sitoki!" Bi Mwanamvua akasema. "Nimeonekana na harusi nzima, leo nionekane na nani, watu wa msikitini? Kama unaushika, ushike vizuri. Mimi naoga."

Na akaoga. Na mwanamke huyu hakuwa na haraka. Alisugua visigino. Alisugua nyuma ya masikio. Kila kata aliyojimwagia, Kombo aliisikia mgongoni. Uji ulimshuka kichwani, ukamwingia shingoni. Wivu wote ulimtoka kwa jasho, au sijui ulipumzika tu. Mpaka aliposikia mlango umefungwa na kandambili zinaondoka, alikuwa amekwisha kuwa kiambaza mwenyewe, fito tu ndizo zilizopungua.

Na hapo hapo wanaume wakarudi kutoka msikitini.

Waliona nini? Kombo, mgongo kwenye bafu la mama mkwe, matope mpaka kwenye kope, panga mkononi, na jina la mtu limekwanguliwa.

"Anachungulia mkwe!" mmoja akapiga kelele.

"Kafuta jina langu!" Faki akalia kama aliyefiwa. "Hasidi! Hasidi mkubwa! Mwanyumba gani huyu!"

Shaame akakunja mikono ya kanzu. Lakini Bi Mwanamvua akatokea, kanga mbili, nywele zinadondoka maji. Hakusema na mtu. Akauingiza mkono kwenye tundu, mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa uji. Akamwendea Faki, akamtilia kiganjani.

"Soma," akasema. "Hapa pameandikwa nini?"

Faki akakificha kiganja nyuma ya mgongo.

Basi Shaame akatafuta magogo wakakishikiza kiambaza kwa nje. Kombo akakwangua simenti yote, kila chembe, ukuta ukabaki uchi unapumua. Jua likasaidia. Ulipokauka, akaukandika nje kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe na makapi ya mpunga, usioziba pumzi. Akaurefusha upenu wa makuti kwa nje, mvua isiufikie, na juu kabisa akatoboa tundu la kutolea mvuke. Alipomaliza akaweka pua, akanusa kuanzia pembe mpaka pembe, akasema, "Sasa unanukia udongo." Kiambaza hakikuweza tena kuoza kwa ndani.

Masika yakaja. Mvua ile ilibeba mbuzi, ikabeba zizi la mbuzi, ikarudi kumchukua mwenye mbuzi. Bi Mwanamvua aliogea humo humo kila siku. Kiambaza kilisimama kama kimesahau namna ya kuanguka.

Siku jua lilipotoka, Bi Mwanamvua akachinja kuku. Kiti cha marehemu kikafutwa vumbi. Kijiji kizima kikaja barazani. Sahani ikaletwa, na juu ya wali, firigisi moja.

Shaame akasimama. "Mama, ondoa mawe yangu na mfereji wangu. Maji yangepanda kwa chini, mngekuwa na tope, si kiambaza. Mimi sikugombana na mtu, sikuandika jina, sikushika panga. Kiti ni changu."

"Lakini ulimjengea mkeo kwanza," Faki akasema, "mama anaoga kwenye mkeka, mbuzi wanamchungulia. Mama, ondoa chokaa yangu. Kila kata ya maji ingeula udongo. Mimi ndiye niliyeuvika ukuta nguo."

"Na ondoa simenti yako!" Shaame akamjibu. "Nguo gani ya kumnyonga mvaaji?"

Watu wakacheka. Kombo akasimama, sauti ndogo. "Mimi niliufungua upumue."

Faki akamgeukia. "Mwanyumba, tuambie mbele ya watu. Siku ile ulikwenda kuokoa ukuta, au ulikwenda kufuta jina langu?"

Raya akainamisha kichwa. Kombo akakuna pua.

"Nilikwenda kufuta jina."

"Na harufu uliisikia lini?"

"Kabla."

"Ukaja kuniambia?"

"Sikuja. Nilitaka kianguke."

Baraza likavuma kama mzinga wa nyuki. Mmoja akasema, "Mwizi huyo! Kaingia kuiba, kakuta nyumba inaungua, kazima moto, sasa anadai ashukuriwe!" Mwingine akasema, "Na moto ungezimwa na nani, na wewe ulikuwa msikitini?" Mwingine akasema, "Raya alipokuja kusema, si mlimcheka?" Karibu wapigane kwa ajili ya ukuta ambao safari hii, ajabu, ulikuwa mzima.

Bi Mwanamvua akainua mkono. Akamtazama Kombo, na kwa mara ya kwanza hakumtafuta kwa jina la mkewe.

"Kombo. Uliponisikia nimeingia, ulikuwa na nafasi ya kukimbia. Kwa nini hukukimbia?"

Kombo akafikiri.

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Nilitaka umalize."

Bi Mwanamvua akachukua kijiko. Akaiokota firigisi. Mchuzi ukadondoka kwenye mkeka. Akafumbua mdomo.

"Mwanangu…" akasema.

Na wakwe wote watatu wakainua vichwa.

Hapo ndipo hadithi ilipokwama, na mimi sina nguvu za kuisukuma. Kijiko kiko hewani. Aliyeuinua ukuta kwenye maji bila kumhusudu mtu, ila akajitanguliza mwenyewe yuko pale. Aliyeuvika chokaa halafu sifa zikamponza yuko pale. Aliyeuokoa kwa mgongo wake baada ya kuombea uanguke yuko pale, na neno lile amelingoja tangu hajaota meno. Ukimwondoa mmoja wao, bibi kizee yuko chini ya tope. Na msiniambie ikatwe mara tatu, nimeshasema firigisi haikatwi.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, mchuzi unadondoka na paka ameshaanza kusogea. Je, wewe ungempa nani?